Saba, Saba, Saba

Saa nne asubuhi, ofisi ya ushirika, Hombolo.
Feni inazungusha vumbi lile lile la jana.
Nyemo, karani wa mizani, ananitazama
kama anavyotazamwa fundi wa pampu kisima kikinyamaza:
"Folda naiona. Naingia. Nasoma.
Nikiandika kilo, inanikatalia."

Nafungua skrini nyeusi, naorodhesha.
Faili zote, tangu ule msimu wa mvua haba,
zina mwenyewe mmoja: mzizi.
Si Nyemo, si mwenyekiti, si mimi.
Mzizi,
kana kwamba zabibu hizi hazikuchumwa na mtu.

Natoa amri ya kubadili ruhusa.
Mashine haibishi, hainung'uniki.
Inanirudishia mstari mtupu wenye adabu zake.
Naorodhesha tena:
hakuna kilichosogea.
Nimeitikiwa "ndiyo" na mtu aliyekuwa akitazama dirishani.

Mwenyekiti Chilongani kasimama mlangoni,
ufunguo wa pikipiki kidoleni.
"Si uwafungulie wote tu? Saba, saba, saba.
Kibaigwa kwa shemeji yangu walifanya hivyo, kazi inakwenda."

Simjibu upesi.
Msimu wa juzi, kilo mia nne kumi na mbili za Mama Sechelela
zililala katika folda iliyo wazi
zikaamka mia moja arobaini na mbili.
Tarakimu zile zile, zimehamishana viti tu.
Hakupatikana aliyeiba, maana kila mmoja angeweza.
Alikuja na stakabadhi ya kalamu, kaikunja mara nne katika pindo la kanga,
akaiweka juu ya meza hii
akangoja iseme.

Nne ni kusoma. Mbili, kuandika. Moja, kupita mlangoni.
Saba ni vyote,
na saba mara tatu ni nyumba isiyo na ukuta
inayojisifia madirisha.

Natoka nje kupumua.
Ng'ambo ya uzio Mahelela anabebesha miche ya mizabibu,
anamfokea mdogo wake:
"Jani unalivuta la nini? Fungua utepe, ufunge upya!"
Nacheka peke yangu. Narudi ndani mbio.

Maana folda hii haiishi hapa.
Inaishi katika seva ya mjini, kule Uhindini,
kwetu imepachikwa tu, jembe la kuazima kwenye mpini wetu,
na kilichopachikwa hupewa mwenyewe saa ya kupachikwa,
si kesho yake, si kwa kubembelezwa.

Naichomoa.
Dakika nzima ushirika hauna kumbukumbu,
hauna deni, hauna hata punje. Nyemo kashika mdomo.
Naandika upya ule mstari mmoja:
mwenyewe, namba ya Nyemo, elfu moja na tano;
kundi, bodi;
faili, sita nne sifuri;
folda, saba tano sifuri.

"Hiyo sifuri ni ya nani?"
"Ya wengine wote, mwenyekiti. Hata mimi, nikishavua kofia ya mzizi."
"Na mimi?"
"Wewe uko bodi. Utasoma."
Ufunguo unazunguka kidoleni, unazunguka, unasimama.
"Kusoma tu."
"Kusoma tu."

Napachika.
Guta la kwanza linaingia, kreti zinavuja utamu, nyuki nyuma yake.
Nyemo anaandika kilo thelathini na moja na nusu, anahifadhi,
anafunga faili, anaifungua tena,
anaisoma kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika:
thelathini na moja na nusu.

Mama Sechelela ni wa tatu kwenye foleni.
Namweleza, kwa furaha ya fundi, kwamba sasa mambo ni salama.
"Vizuri, mwanangu," ananiambia,
na anamwomba Nyemo amwandikie ile ya kalamu.